Kuegesha boti Mtwara kwa miezi michache, na hili suala la boya la kupangishiwa na mpangaji

Mkuu, umeuliza mambo mawili: boti yako ya faiba ya mita 9 unayoileta kutoka Dar itakaa wapi kwa bei nafuu kuanzia Machi hadi Mei, na kama ni halali kuchukua boya (kielea kilichofungwa kwa mnyororo chini, cha kufungia chombo) la yule jamaa wa Mikindani anayesafiri, umlipe yeye mkononi. Nimetunza vyombo vya watu ghuba ya Mikindani kwa miaka, vya wenyeji na vya wageni wa matanga, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua.

Kwanza sahau marina, yaani bandari ndogo ya kulipia ya boti. Huku hakuna magati ya kuelea yenye umeme na bomba la maji kwa kila chombo. Gati la bandari ni la meli za korosho, saruji na makaa ya mawe, si mahali pa kuacha faiba miezi mitatu. Tulicho nacho ni maji yaliyotulia. Ghuba ya ndani ya Mikindani mlango wake ni mwembamba, na ndiyo maana majahazi yalipakimbilia tangu zamani. Hapo ama utie nanga yako, ama ufunge kwenye boya.

Wengi hutaka boya kwa sababu ya hesabu ya kamba. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Penye mita 4 maji yakipwa, pana mita 7 na ushee yakijaa. Ukitoa kamba mara 5 ya kina hicho umeshavuka mita 35, na boti itazunguka eneo lote hilo upepo ukigeuka. Na kwako utageuka: unaingia na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, utatoka na kusi, upepo wa kutoka kusini. Chombo kilichokaa vizuri mwezi wa tatu, mwezi wa tano unakikuta kimegusana na mashua ya mtu. Boya lenye mnyororo mfupi na zege zito chini halihitaji nafasi yote hiyo.

Sasa hilo la kupangisha. Kwenye marina za nchi kama Uingereza, anayelipia nafasi kwa kawaida hapati pango kama la nyumba. Anapewa ruhusa ya yeye, kwa chombo chake kilichotajwa kwa jina na urefu. Akisafiri haruhusiwi kumwingiza rafiki yake bila idhini ya ofisi. Mara nyingi marina yenyewe ndiyo huitoa nafasi hiyo kwa mgeni, na hela inabaki kwao, ingawa zipo zinazompunguzia mwenyewe ada kidogo. Si roho mbaya. Moto ukiwaka au tufani likija, lazima wajue ni chombo cha nani kimefungwa pale na kina bima ya kufidia madhara kwa wengine. Ukiingia kwa mlango wa nyuma, bima inaweza kukukana siku unapoihitaji.

Ukileta sheria hizo Mikindani, swali linabaki lilelile: mnyororo ulio chini ya boya ni wa nani? Kama jamaa alimwaga zege na kununua mnyororo mwenyewe, anakukodisha vifaa vyake, na hilo ni makubaliano yenu. Ila bahari si yake, asikuuzie maji. Kama boya ni la hoteli au la mtu mwingine aliyemruhusu tu, hana cha kukupangisha. Nenda kwa mwenye boya, mpe jina la chombo, urefu na tarehe, akuandikie hata karatasi moja yenye saini. Nimeona mtu akifukuzwa boyani usiku wa mvua kwa sababu mwenyewe alirudi ghafla, na aliyepokea hela simu haipatikani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko karatasi ni uzito. Boya la jamaa liliwekwa kwa chombo gani? Kama ni kwa kimashua cha mita 5, faiba yako italiburuta. Subiri maji yapwe, mtafute mzamiaji ashuke aukague mnyororo na pingu zake. Kutu hula pale mnyororo unapogusana na mchanga. Mlipe huyo bila kunung'unika.

Bei ya huku basi iko kwa mlinzi. Miezi yako ni ya masika, na faiba isiyo na sitaha inajaa mvua usiku mmoja. Unahitaji mtu wa kukumba maji kila alfajiri, kusogeza kamba, na kukupigia simu. Mpatane kwa mwezi, nusu mwanzoni, nusu mwishoni. Mashine ishushwe ilale ndani ya nyumba, pamoja na tangi la petroli. Mkubaliane pia nani ataihamisha boti TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wakitoa tahadhari: Kimbunga Kenneth kilipita kusini yetu kikaingia Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, ndani kabisa ya kipindi chako.

Kuna watakaokuambia uivute nchi kavu chini ya minazi, ni bure. Kwa wiki mbili sawa. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inabana shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo usimwage zege wala kujenga banda, na usimlipe mtu anayedai ufukwe ni wake. Msimbati na Ruvula nako usikimbilie: ni ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kuna vibali na ada zake.

Ukifika, nenda na cheti cha ukaguzi cha TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini), ujitambulishe serikali ya mtaa na kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni. Hawa ndio watakaoiona boti yako saa nane za usiku.

Weka hapa kina inachozama na kama ina sitaha, nikuambie upande gani wa ghuba unakufaa. Boya usililipie kwanza.