Jibu: Katuni za Marvel zenye bei ya pensi

Ndugu, umeuliza kama vitabu vya katuni vya Marvel, kampuni ya Marekani, vya miaka ya 1960 ulivyookota soko la Kibuye hapa Kisumu ni feki kwa kuwa vina bei ya pensi (sarafu ya Uingereza) badala ya senti. La hasha. Zilichapwa Marekani pamoja na zile za bei ya senti, bei tu ikabadilishwa kwa soko la Uingereza. Ni chache zaidi, lakini uchache peke yake hauleti pesa. Wanaotafutwa ni wahusika: toleo namba 15 la jarida la Amazing Fantasy la 1962 ni ghali kwa sababu Spider-Man alianzia humo.

Soma maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza upate mwezi na mwaka. Kisha tazama pini za katikati. Huku kwetu ziwani unyevu huzitia kutu, na kutu ikishalowea karatasini haitoki. Hesabu kurasa zote. Kuponi iliyochapwa ndani ya kurasa ikiwa imekatwa, thamani huporomoka. Na tafadhali, usibandike selotepu!

Ukirudi sokoni, ulizia pia nakala za zamani za Joe, gazeti la vichekesho na katuni lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na mwanahabari Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst. Hilo ningelinunua kabla ya Marvel yoyote.