Mkono wa baba unatetemeka, ila ugonjwa ulianza zamani

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Machame, baba ana miaka 68, mkono wa kulia unatetemeka akiwa amekaa tu, akishika kikombe unatulia. Anaburuza miguu, na sahihi yake imekua ndogo mpaka chama cha ushirika wakamrudishia fomu wakisema sio yake. Tumeambiwa ni Parkinson, seli za kwenye shina la ubongo zinakufa. Sasa mbona imeanza ghafla, baada tu ya kuvuna kahawa mwaka jana? Shangazi anasema karogwa, mjomba anasema ni mbege, pombe yetu ya ndizi.
Binti wa Machame

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo neno "ghafla" ndo nataka tuanze nalo, maana sio kweli.

Shina la ubongo ndo kile kipande kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo. Kwa juu yake kuna vijisehemu viwili vyeusi, kulia na kushoto, weusi wenyewe unaonekana kwa macho kabisa ubongo ukipasuliwa, na seli za hapo zinatengeneza dopamini, kemikali inayofanya ukitaka kunyanyua mguu unyanyuke bila kubembelezwa. Kwa mgonjwa wa Parkinson pale pamepauka, coz seli nyeusi zimeondoka. Na mpaka mkono unaanza kucheza, mara nyingi kama nusu ya seli hizo zimeshakufa, muda wote huo ubongo ulikua unafidia kimya kimya na nyie mnamuona baba mzima anaenda kihamba, shamba lake la nyumbani, asubuhi na mapema.

Alafu kuna zaidi. Mwaka 2003 Mjerumani anaitwa Heiko Braak na wenzake walisema kwa wengi uharibifu hauanzii hapo kwenye weusi, unaanzia chini zaidi ya shina, penye kiini cha neva inayoteremka mpaka tumboni, pamoja na sehemu ya kunusa, ndo unapanda taratibu kwenda juu. Sio kila mgonjwa anafuata ngazi hiyo, lakini hebu muulize mama: choo cha baba kilianza lini kuwa kigumu? Je, ameacha kusikia harufu ya mbege inayochacha? Usiku anapiga kelele na kurusha ngumi usingizini kama anapigana na mtu? Mambo hayo yanaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi, tena wengi wanayaita uzee tu.

Kwanini zinakufa? Ndani ya seli kuna protini inaitwa alfa-sinukleini inajikunja vibaya na kuganda mabonge, mabonge yenyewe aliyaeleza Fritz Lewy mwaka 1912. Sababu moja ya kila mtu haijapatikana, kuna umri, kuna kurithi kwa wachache, na baadhi ya dawa za shamba kama parakwati zimehusishwa na ugonjwa huu, ila siwezi kukwambia ndo zilizompata baba. Mbege haisababishi Parkinson, mjomba mwambie hivo. Shangazi nae mwambie mwaka 2008 ulitoka utafiti wa hapo hapo wilayani kwenu Hai, kati ya watu 161,071 wakapatikana wagonjwa 33, na wengi wao walikua hawajawahi kuambiwa wana nini. Hao wote warogwe na nani?

Dawa ya Parkinson inayoitwa levodopa hairudishi seli zilizokufa. Ni malighafi tu, ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Kwaiyo ameze kama nusu saa kabla ya kula, maana nyama, maharage na maziwa vinagombania nayo njia, ila kama inamtia kichefuchefu mwambieni daktari wake kwanza. Asiikate ghafla hata kama anajisikia poa, hiyo ni hatari. Na akitapika, zahanati wakitaka kumpa Plasil wakumbusheni ana Parkinson, dawa hiyo inazuia dopamini na itamrudisha nyuma, hili nalisisitiza coz linatokea sana.

Mkienda tena kliniki msiongelee mkono peke yake, semeni na choo na usingizi. Na kama kweli anarusha ngumi usiku, mama alale kitanda kingine kwanza, na kama kuna stuli pembeni ya kitanda itoeni leo, asije akajigonga.