Lifti ya ghorofa tatu nayo inahitaji mkaguzi?

SWALI: Nasimamia jengo la ghorofa tatu, lifti yetu ni ya haidroliki, ile inayosukumwa na mafuta, na fundi anakuja kila mwezi anaifanyia sevisi. Sasa naambiwa nitafute na mkaguzi. Wa nini tena, si ghorofa tatu tu?

JIBU: Unamhitaji ndugu yangu, tena asiwe huyohuyo fundi wako. Fundi anatunza, mkaguzi anaangalia kama kazi ya fundi imeshika, na mtu hawezi kujisahihishia mtihani. Na ghorofa hazikusamehi: Uingereza kwa mfano, kanuni za vifaa vya kunyanyulia, LOLER, za 1998 zinataka lifti ya kubeba watu sehemu za kazi ichunguzwe na mtu mwenye ujuzi angalau kila miezi 6, labda kuwe na mpango maalum wa uchunguzi, ghorofa hawahesabu.

Wengi wanaogopa kebo kukatika, ila breki ya kushika reli kebo ikikatika, mvumbuzi Elisha Otis aliionesha New York tangu 1854. Mimi naogopa mlango. Kila mlango wa lifti una kufuli na kontakti ya umeme, mlango ukiwa wazi saketi inakatika lifti haiendi. Sasa kontakti ikichoka fundi anaweka jampa kwenye paneli ya umeme, kipande cha waya tu kinachoiruka hiyo kontakti, ili atesti, halafu simu inaita, anafunga paneli anaondoka, na kuanzia hapo lifti inaweza kuondoka mlango ukiwa wazi na mtu mguu mmoja ndani mmoja nje. Nimewahi kukikuta, kiwaya chekundu urefu wa kidole, na watu walikuwa wanapanda kama kawaida. Mpaka leo nikifungua paneli nakitafuta hicho kwanza.

Ya haidroliki ina na mambo yake ya mafuta. Ukisikia pampu inawaka yenyewe usiku wakati hamna mtu, lifti inazama kidogokidogo na inajirudisha, kuna sili au valvu inavujisha. Na kama tanki linaongezwa mafuta kila mara halafu kwenye shimo chini ya lifti hamna hata tone, uliza yanaenda wapi, maana silinda za zamani, yale mabomba ya mafuta yanayosukuma lifti, zilizofukiwa ardhini zinaliwa na kutu huko chini na hamna anayeona.

Leo omba daftari la lifti utafute ripoti ya mkaguzi, siyo stika ya sevisi. Haipo? Ita mkaguzi, simama naye akifungua paneli. Na kabla hajafika, lifti ikiondoka hata mara moja mlango ukiwa wazi, hakikisha hamna mtu ndani, zima swichi kuu, watu wapande ngazi.