Skuta kutoa moshi wa bluu: usikubali kufunguliwa injini kabla hujajua moshi unatoka wakati gani

Mkuu, umesema skuta yako ya 125, fostroki (injini ya mipigo minne), ukiiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu, ikishapata moto moshi unapotea. Fundi kakwambia uandae hela ya pistoni, ringi (pete za pistoni) na kuchonga silinda. Nakuomba hiyo hela usiitoe kwanza. Mimi niliitoa mara mbili na moshi ukabaki palepale.

Natembelea Vespa PX 150 hapa Unguja. Ni tustroki, ya kuchanganya oili na petroli kwa asilimia 2, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili. Ilipoanza kutoa moshi mzito, fundi wa kwanza aliniambia nazidisha oili. Nikapunguza hadi nusu. Moshi haukupungua, na wiki ya pili injini ikanoki nikiwa njiani kutoka Fuoni, kwa sababu kwenye tustroki ile oili ya kwenye petroli ndiyo inayolainisha pistoni. Nikanunua pistoni. Fundi wa pili akachonga silinda na kuweka ringi mpya. Moshi uleule.

Wa tatu, mzee mmoja, hata plagi hakuifungua. Aliniuliza tu: "Oili ya gia boksi umeipima lini?" Akakata chupa ya maji, akaiweka chini, akafungua nati. Nilikuwa nimeweka mililita 250. Kilichotoka kilikuwa pungufu sana, na kilinuka petroli. Sili ya krenki (mpira wa kuzuia oili kwenye mhimili wa injini) upande wa klachi ilikuwa imekufa, injini inainyonya oili ya gia na kuichoma. Injini ikapasuliwa, sili ikatolewa. Nilipoishika ilikuwa ngumu kama kifuniko cha soda, mdomo wake umemeguka upande mmoja. Kitu cha bei ndogo kabisa. Ekzosi iliendelea kutoa moshi siku mbili hivi, ikimaliza oili iliyoganda ndani, kisha ukakata.

Sasa tuje kwako. Fostroki haichanganyi oili, oili yake inakaa chini ya injini na haitakiwi kufika panapochomwa petroli. Ikifika, mara nyingi imepita moja ya njia mbili: juu, kwenye sili za valvu, au chini, pembeni ya ringi. Kinachozitofautisha ni wakati moshi unapotoka. Sili za valvu zikikauka, oili inachuruzika taratibu usiku chombo kikiwa kimelala, asubuhi inachomwa yote kwa mpigo, halafu moshi unaisha. Dalili yake nyingine: shuka mlima umefunga mafuta, ukifika chini vuta ghafla, mwambie mtu aliye nyuma yako atazame ekzosi. Likitoka wingu moja kisha likaisha, ni valvu. Ringi zikiisha moshi hauchagui saa. Unatoka ukivuta, unazidi ukipanda mlima au ukibeba mtu, na nguvu ya chombo inapungua.

Kwa maelezo yako mimi naelekea kwenye sili za valvu. Hiyo ni kazi ya kufungua hedi (kichwa cha injini), silinda haiguswi. Ila usiniamini mimi tu, tafuta fundi mwenye geji ya kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Apime, kisha adondoshe kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, azungushe injini kidogo, apime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka kweli na fundi wako alikuwa sahihi. Isipopanda, huenda ringi si tatizo.

Na kabla ya yote hayo, pima kiwango cha oili. Skuta nyingi za ukubwa wako zinachukua chini ya lita moja, na watu wananunua chupa ya lita moja wanaimimina yote. Ya ziada inasukumwa kupitia bomba la kupumulia mpaka kwenye ea klina (kichujio cha hewa), inarudi kuchomwa, na moshi ni uleule wa bluu. Fungua boksi la ea klina. Ukikuta sponji imelowa oili, umepata pa kuanzia. Pima chombo kikiwa kwenye stendi ya kati, sakafu iliyonyooka. Soma kitabu chake pia, kwa sababu kuna stiki (vijiti vya kupimia oili) za kupimia bila kukazwa na nyingine za kukazwa.

Kuna aliyekushauri uweke oili nzito zaidi; simuungi mkono. Moshi utapungua kwa muda, lakini injini ikiwa baridi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemu (mhimili unaofungua valvu), na sili mbovu inabaki mbovu.

Moshi mweusi ni habari nyingine, petroli imezidi: tazama choki na ea klina iliyoziba. Mvuke mweupe wa asubuhi usio na harufu ya oili, unaokatika mara moja, ni maji tu, uache.

Kuanzia leo andika kilomita na kiwango cha oili kila Ijumaa, wiki tatu. Ukirudi, tuambie imepungua kiasi gani, na plagi ina rangi gani: kahawia kavu, au nyeusi yenye utelezi.