Pesa ya mwanafunzi ikae wapi ikazae salama

Boom, yaani pesa ya mkopo wa chuo, likisoma tu kwenye akaunti, simu zinaanza kuita. Anayepiga ni rafiki wa sekondari aliyekuwa kimya miaka miwili, au jirani wa chumba cha pili, na habari ni ileile: kuna sehemu unaweka laki moja, kila siku unakula elfu tano, kazi yenyewe ni kubonyeza simu. Nimesoma Mbeya, nimekaa geto, chumba cha kupanga, mtaa wa Iyunga na baadaye Soweto ya hapohapo Mbeya, na kila mwaka wa masomo niliona wimbi hilo likipita mageto na hosteli, linabadilika jina tu. Siku hizi wadogo zangu walioko vyuoni Mbeya na Iringa wananiuliza swali moja: kaka, mwanafunzi anaweza kupata pesa inayoingia bila kuacha vipindi? Anaweza. Mimi niliipata. Ila inakuja taratibu, na haianzi na pesa ya kula.

Boom ni mkopo, tusilisahau hilo. Sh10,000 kwa siku ni ya chakula na malazi, na malipo ya siku 60 yakiingia kwa mkupuo ni Sh600,000, kiasi ambacho kwa kijana wa miaka ishirini kinaonekana kama mtaji. Lakini humo kuna kodi ya chumba, gesi, nauli, kutoa kopi, na ukishaajiriwa Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ukiiweka yote mahali na ikachelewa kurudi hata wiki tatu, unaanza kukopa kwa mangi wa duka na kukwepa mwenye nyumba, na mtihani uko mbele. Mtaji wangu ulitoka kwenye tuisheni ya hesabu niliyokuwa nafundisha watoto wa kidato cha pili jioni. Wengine wanasuka nywele, wanatengeneza simu, wanachapa kazi za watu. Pesa ya namna hiyo ndiyo unaweza kuituma ikafanye kazi, kwa sababu hata ikikwama, kesho utakula.

Kabla hujatoa hata shilingi, uliza: hii faida inazalishwa na nini? Serikali inakopa kwa hatifungani, yaani hati ya deni unayoinunua, inajenga, inakulipa riba kutoka kwenye kodi. Benki au kiwanda kinauza, kinapata faida, kinagawa gawio. Mahindi yanapanda bei Januari kwa sababu watu wanakula kila siku ila wanavuna mara moja. Hapo kila kitu unakiona. Ukimuuliza anayekuita kwenye programu ya kubonyeza simu, atakwambia ni biashara ya mtandaoni ya nje, au "roboti inatrade". Mbane kidogo utakuta kitu kimoja tu kinachoingiza pesa pale, nacho ni mtu anayejiunga baada yako.

Wazazi wetu waliyapitia haya. DECI, ule mchezo wa upatu, ilikuwa ya "kupanda mbegu na kuvuna", watu wakauza mifugo na viwanja wakapande, na mwaka 2009 Serikali ilipoisimamisha wengi walibaki na karatasi za uanachama. Kilichobadilika leo ni kwamba huhitaji kupanga foleni, unapoteza ukiwa kitandani.

Niliyekuwa nakaa naye geto aliingia kwenye mojawapo. Aliweka Sh150,000. Wiki ya kwanza akaruhusiwa kutoa elfu thelathini, na ule ujumbe wa muamala aliuzungusha darasa zima, kila mtu akausoma. Ndiyo kazi ya ile elfu thelathini: kumgeuza kuwa mpiga debe anayejiamini. Wenzetu sita wa darasani wakaingia kupitia yeye. Baada ya hapo kutoa kukawa na masharti, kwanza ulipie "kodi ya kutolea", halafu "upandishe daraja", kisha kundi la WhatsApp likafungwa wakabaki wanaoandika viongozi tu, na asubuhi moja programu haikufunguka. Alimaliza muhula akikaa kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu ya wale sita. Ndiyo maana hata ukiwa na hakika ya asilimia mia, usimwingize mtu kwenye kitu usichoweza kumrudishia pesa yake.

Hesabu yenyewe inatosha kukuonyesha. Asilimia tano kwa siku, ukiiacha ijizalishe juu ya nyingine, laki moja yako baada ya siku 365 inazidi Sh5 trilioni. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bajeti yote ya Serikali ya 2024/25, iliyokuwa Sh49.35 trilioni. Hakuna kampuni itakayomlipa mwanafunzi wa Iyunga pesa hiyo, na walioitengeneza wanalijua hilo tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo, ukiambiwa kuna mfuko au kampuni ya uwekezaji, tafuta jina lake kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ikiwa ni ya kukopesha au kupokea amana, tafuta kwa Benki Kuu ya Tanzania. Cheti cha BRELA, wakala wa kusajili biashara, kinaonyesha kwamba jina limesajiliwa, basi. Hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya pesa za watu, na matapeli wanapenda sana kukitundika ukutani.

Sasa pa kuanzia. Mimi nilianza na mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya Serikali ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko, kwa simu, pesa zenu zinakusanywa na kuwekwa kwenye hatifungani, amana za benki na hisa, kutegemea na mfuko. Kwa mwanafunzi ninayemjua, mwenye pesa kidogo na dharura nyingi, ninapendekeza Mfuko wa Ukwasi, kwa sababu kuitoa pesa ni rahisi na hauchezi sana na hisa. Umoja una hisa ndani yake, kwa hiyo bei ya kipande inaweza kuyumba. Unafaa kwa pesa usiyoigusa miaka kadhaa. Kabla ya kuweka, uliza mambo mawili: kutoa kunachukua siku ngapi za kazi, na kuna makato gani ukitoka.

Tuseme unaweka Sh20,000 kila mwezi kwa miaka mitatu ya shahada, na mfuko unakupa asilimia kumi kwa mwaka. Utakuwa umeweka Sh720,000, na utakuta kama Sh835,000. Faida ni laki moja na ushee. Najua si habari ya kurusha kwenye status. Lakini unamaliza chuo ukiwa na pesa ya kukaa miezi ya kutafuta kazi bila kumpigia simu mjomba, na kwa niliowaona wakihitimu bila akiba, najua thamani ya miezi hiyo.

Ukifika milioni moja mlango wa hatifungani za Serikali unafunguka, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha chini. Unaingia kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, unafunguliwa akaunti ya CDS, ile inayotunza kumbukumbu kwamba hatifungani ni yako, na riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Hatifungani ya asilimia 12 kwa milioni moja inakupa Sh60,000 kila miezi sita. Benki Kuu ina tawi lake Mbeya mjini, nenda kaulize ana kwa ana. Tahadhari ni moja: hatifungani ya miaka 20 ukitaka kuiuza katikati, bei yake sokoni inaweza kuwa chini ya ulichotoa. Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam sina ugomvi nazo, gawio la kampuni zilizoorodheshwa linakatwa kodi ya asilimia 5 na linalobaki ni lako, ila zichukulie kuwa pesa ya miaka mingi.

Lakini sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna kitu ambacho mwanafunzi wa Dar hana, nacho ni nafaka mlangoni. Mavuno yanaingia Mei mpaka Julai, bei iko chini, wakulima wanahitaji ada na pesa ya mbolea. Chuo kinakaribia kufunga. Unanunua mpunga Igurusi, Chimala au Ubaruku, au mahindi upande wa Uyole na Mbalizi, unaweka ghalani, unarudi darasani Novemba. Januari na Februari wengi wamemaliza akiba zao, unauza. Katikati hapo hufanyi lolote zaidi ya kwenda kuangalia mzigo.

Kwa anayeanza ningechagua mpunga usiokobolewa kuliko mahindi, maana ganda lake linaulinda. Ghala nyingi za mashine zinapokea mzigo wa mtu mwenye gunia chache, unalipia kwa gunia. Mahindi yanataka umakini zaidi: mdudu dumuzi akiingia anakuachia unga kwenye gunia, na yakiwa mabichi yanaota ukungu wenye sumukuvu, hayafai kumlisha mtu. Siku moja pale ghalani mzee mmoja kutoka Inyala alishusha gunia zake, mama mwenye ghala akafungua moja.

"Shikamoo mama," mzee akamwanza kwa heshima, ingawa walikuwa marika.

"Marahaba baba. Haya umeyaanika siku ngapi?"

Hakungoja jibu. Alichukua chupa kavu ya soda, akatia kiganja cha mahindi na chumvi kavu, akatikisa kama dakika moja na kuinyanyua kwenye mwanga. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kuta za chupa.

"Yana maji haya. Rudisha juani, usije ukanidai magunia yaliyooza."

Kipimo hicho kinafanya kazi: chumvi ikidondoka chini yote bila kushika, mahindi yamekauka vya kutosha kuhifadhi. Fanya hivyo palepale kwa muuzaji kabla hujalipa. Na mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani, ni ghali kuliko kiroba cha kawaida lakini inaua wadudu kwa kuwakosesha hewa, huhitaji dawa.

Nunua kwa kilo, usinunue kwa gunia la macho. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inamwumiza mkulima, na ukienda kuuza nawe utaumizwa hivyohivyo. Andika gharama zote: bei, kupakia na kushusha, usafiri, mfuko, ghala, ushuru. Wengi wanasema wamepata faida kwa sababu wamelinganisha bei ya kununua na ya kuuza tu. Na bei hupanda mara nyingi, haipandi kila mwaka. Waliobaki na mahindi ya 2023 ya bei ya juu mpaka mavuno mazuri ya 2024 yakaingia, waliuza kwa maumivu. Ndiyo maana mimi sikuwahi kuweka zaidi ya nusu ya akiba yangu ghalani, nusu nyingine ilibaki Ukwasi.

Kuhusu bodaboda ya hesabu, ile unayompa dereva akuletee kiasi mlichokubaliana, kwa mwanafunzi nasema hapana. Kwenye karatasi inavutia, lakini pikipiki ikianguka Mafiati saa nne usiku simu inapigwa kwako, na kesho una mtihani. Miti ya Mufindi na Njombe ni mali, ila mpaini unataka miaka mingi na moto wa kiangazi hauchagui shamba la nani. Ukitumiwa picha ya ekari la bei rahisi, usilipe kabla hujakanyaga pale na kukaa na serikali ya kijiji ukiona muhtasari wa mkutano ulioidhinisha ardhi hiyo. Kama nyumbani kwenu Rungwe au Njombe kuna robo ekari imelala, hapo ni tofauti: mche wa parachichi uliobebeshwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, yaani karibu na mahafali yako. Kubaliana na wazazi tangu mwanzo nani anapalilia na nani anavuna.

Chama cha wenzako darasani ni kizuri kwa nidhamu ya kuweka, mradi pesa isikae kwenye simu ya mweka hazina peke yake. Tumieni akaunti ya kikundi inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha, na mgawane kabla ya mwaka wa mwisho kuisha, watu hawajatawanyika.

Jambo la mwisho ni dogo, na wiki hii unaweza kulimaliza. Wanafunzi wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama au cha kaka. Akaunti ya mfuko na ya CDS zinafuata jina na namba ya NIDA, kwa hiyo zikipishana na laini, siku ya kutoa pesa utazungushwa. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, nenda dukani kwa mtandao wako na kitambulisho, sajili yako. Ukifungua mfuko jaza na sehemu ya mrithi, uandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na namba ya akaunti uwaachie nyumbani. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata mwenzako wa chumba.