Maswali ya Wasomaji: Asilimia 30 ya dunia inahesabiwaje?

Tunaambiwa dunia imekubaliana kuhifadhi asilimia 30 ifikapo mwaka 2030. Asilimia 30 ya nini, na nani anayehesabu? Sehemu moja ikiwa hifadhi ya taifa, Urithi wa Dunia na ardhioevu ya Ramsar (iliyo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa ardhioevu) kwa pamoja, si inahesabiwa mara tatu?

Hapana, inahesabiwa mara moja tu. Lengo hilo ni la 3 kati ya malengo 23 yaliyopitishwa Montreal Desemba 2022 na nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuai. Linataka asilimia 30 ya nchi kavu na maji ya bara, na asilimia 30 ya bahari na pwani. Hesabu hizo mbili hazichanganywi. Tena ni lengo la dunia kwa ujumla. Halisemi kila nchi itenge asilimia 30 ya ardhi yake, ingawa nchi nyingi zimelichukua hivyo.

Mipaka hutumwa na nchi zenyewe kwenye hazina ya taarifa inayotunzwa na kituo cha Umoja wa Mataifa kilichopo Cambridge, Uingereza, kwa ushirikiano na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, na hutolewa upya kila mwezi. Wanaohesabu huweka ramani zote pamoja, wakaunganisha sehemu zinazolaliana kuwa umbo moja, kisha ndipo wakapima eneo. Maeneo ambayo bado ni pendekezo huachwa. Hifadhi hai za UNESCO nazo huachwa, kwa kuwa kanda zake za nje huwa na mashamba na hata miji. Kiini chake kwa kawaida kimeshahesabiwa kwa jina jingine.

Kwa hesabu hiyo, ripoti ya mwaka 2024 ilionyesha asilimia 17.6 ya nchi kavu na maji ya bara, na asilimia 8.4 ya bahari. Malengo ya awali, yaliyowekwa Nagoya mwaka 2010, yalikuwa 17 na 10 ifikapo 2020. Kwa hiyo kufikia ripoti hiyo bahari ilikuwa haijafikia hata lengo la zamani.

Kuna kasoro moja ambayo wasomaji wa ramani wanapaswa kuijua. Nchi ikituma nukta moja na ukubwa wa eneo bila mipaka, wanaohesabu huchora duara lenye ukubwa huo kuizunguka nukta. Ndiyo maana ukikuza ramani ya hesabu hiyo unaweza kukuta hifadhi ya milimani yenye umbo la sahani, nusu yake imeangukia mjini.

Jamii yetu inautunza msitu wake kwa sheria zake yenyewe na haitaki uwe hifadhi ya serikali. Unaweza kutambuliwa kimataifa?

Unaweza. Mwaka 2018, huko Sharm el-Sheikh, nchi wanachama wa Mkataba zilikubaliana juu ya kundi la pili la maeneo: yale yanayohifadhi bayoanuai kwa uhakika bila kuwa hifadhi rasmi. Kifupi chake cha kimataifa ni OECM, na jina lake kamili ni refu kuliko mipaka ya baadhi ya misitu yenyewe. Tofauti iko kwenye nia na matokeo. Hifadhi lazima iwe na uhifadhi kama lengo lake kuu. Eneo la kundi la pili linaweza kuwa chanzo cha maji au mahali pa matambiko, ilimradi viumbe vinaendelea kuishi humo na hali hiyo itadumu.

Anzeni na ridhaa, na iwe ya wanajamii wote, si ya viongozi pekee. Iwe huru, itolewe mapema, na watu wawe wameelezwa faida na hasara. Muandike kikao kilifanyika lini, nani alikuwepo, nani alipinga na kwa nini. Kisha mhakikishe eneo halimo tayari ndani ya hifadhi, kwa sababu haliwezi kuwa katika makundi yote mawili.

Baada ya hapo muonyeshe nani mwenye mamlaka ya kukataza na kuruhusu, na kuna viumbe gani vya maana: spishi zilizo hatarini, mazalia, au aina ya uoto inayotoweka. Orodha ya ndege pekee haitoshi ikiwa miti ya chini inakatwa. Mwisho ni mipaka, na hapa ndipo maombi mengi hukwama. Hazina inataka umbo la kidijitali katika mfumo wa WGS84, yaani mfumo wa kutaja mahali unaotumiwa na GPS duniani kote. Kipokea GPS kikiwa kimewekwa mfumo wa ramani za zamani za nchi, eneo zima linaweza kuhama mamia ya mita bila mtu kugundua, na msitu ukaonekana umeingia kwenye ardhi ya jirani. Angalieni mpangilio wa kifaa kabla ya kutembea mpaka, halafu mpime pia alama moja inayojulikana, kama daraja, ili mlinganishe na ramani.

Taarifa zinaweza kupitia serikalini au zikatumwa moja kwa moja na jamii, zikahakikiwa na wataalamu. Lakini kutambuliwa huku hakuwapi hatimiliki. Kama umiliki wenu una mgogoro, umalizeni kwanza. Ramani iliyo hadharani inaweza kuchochea mvutano badala ya kuutuliza.

Bora hifadhi moja kubwa au ndogo nyingi? Na umbo lina maana?

Umbo lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua kilomita za mraba 100 na uchukulie kwamba madhara ya nje, yaani upepo mkavu, moto, magugu, mbwa na mitego, yanaingia kilomita 1 kutoka kila upande. Mraba wa kilomita 10 kwa 10 unabaki na kiini cha 8 kwa 8, yaani kilomita za mraba 64. Ukanda wa kilomita 50 kwa 2 una ukubwa uleule, lakini kiini chake ni sifuri. Vipande 25 vya kilomita 2 kwa 2 navyo ni hivyohivyo.

Jambo hili limepimwa. Karibu na Manaus, Brazili, watafiti wanafuatilia vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 tangu mwaka 1979, na miti mikubwa iliyo karibu na ukingo imekuwa ikifa haraka kuliko ya katikati.

Hata hivyo vipande vidogo visidharauliwe. Mmea unaoota kwenye kilima kimoja tu duniani unahitaji kilima hicho, basi. Mnyama anayezunguka mbali anahitaji eneo kubwa au shoroba za kuunganisha madogo. Ushoroba nao hufa kwa njia inayotabirika: unachorwa kama mstari mzuri kwenye mpango, lakini hakuna anayeuliza ardhi iliyo chini ya mstari ni ya nani, hadi barabara au uzio unapoukata.

Samaki hawajui mpaka. Hifadhi ya bahari inasaidiaje?

Inasaidia wale wasiosafiri sana, nao ni wengi kwenye matumbawe. Wakiachwa wanakua, na jike mkubwa hutoa mayai mengi kupita uwiano wa mwili wake. Wadogo wanachukuliwa na mkondo hadi maeneo yanayovuliwa.

Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulilinganisha hifadhi 87 za bahari na kukuta mambo matano yanayoleta tofauti: uvuvi umekatazwa kabisa, sheria inasimamiwa, hifadhi imezidi miaka 10, ina zaidi ya kilomita za mraba 100, na imetengwa na maji ya kina au mchanga. Asilimia 59 ya hifadhi hizo zilikuwa na moja au mawili tu kati ya hayo, na hazikutofautiana na maeneo yanayovuliwa.

Hilo la mwisho lina somo kwa mchora mpaka: usiupitishe katikati ya tumbawe. Upitishe kwenye mchanga, kwa sababu samaki wengi wa matumbawe hawapendi kuvuka uwanda mtupu. Na tumia mistari iliyonyooka ya latitudo na longitudo. Mpaka unaofuata kina cha maji ni mgumu kwa nahodha kuujua, na ni mgumu zaidi kuuthibitisha mahakamani.

Askari wetu walikusanya mitego 60 mwaka huu, mwaka jana 40. Ujangili umeongezeka?

Huenda umepungua. Uliza kwanza doria ilitembea kilomita ngapi. Mitego 40 katika kilomita 200 ni 0.2 kwa kilomita. 60 katika kilomita 600 ni 0.1. Namba ya mitego bila namba ya juhudi haisemi kitu, na bado inajaza ripoti nyingi. Linganisha pia msimu kwa msimu, maana nyasi ndefu huficha mitego.

Tahadhari ileile inahitajika kwenye vipimo vya usimamizi ambavyo meneja hujipa alama kutoka 0 hadi 3 kwa kila swali. Akijaza peke yake alama hupanda. Ajaze mbele ya majirani wa hifadhi, na kila alama iwe na ushahidi. Hata hapo vinapima usimamizi, si wanyama. Kingine ni kwamba hifadhi nyingi ziko milimani, jangwani na mbali na barabara, mahali ambapo msitu ungebaki hata bila tangazo. Ulinganisho wa haki ni na ardhi isiyohifadhiwa yenye mwinuko, mteremko na umbali uleule kutoka barabarani.

Eneo likiingia Urithi wa Dunia linakuwa mali ya Umoja wa Mataifa?

Hapana, linabaki la nchi. Kamati inaweza kuliweka kwenye orodha ya hatari au kulifuta. La kwanza kufutwa lilikuwa Hifadhi ya Choroa wa Arabuni nchini Oman, mwaka 2007, baada ya serikali kupunguza ukubwa wake kwa asilimia 90.

Na bahari kuu, isiyo ya nchi yoyote?

Kwa muda mrefu hapakuwa na njia ya jumla ya kutenga hifadhi huko. Mkataba wa bahari kuu ulipitishwa Juni 2023, ukafikisha uridhiaji wa 60 uliohitajika Septemba 2025, na tarehe yake ya kuanza kutumika ikawa 17 Januari 2026. Faida yake kubwa ni kura: makubaliano yakishindikana, nchi zinaweza kupitisha hifadhi kwa robo tatu ya wanaopiga kura. Kwenye bahari ya Antaktika, ambako uamuzi unahitaji wote wakubali, hifadhi ya Bahari ya Ross ilijadiliwa kwa miaka kabla ya kupita Oktoba 2016, na hata hivyo ilipewa muda wa miaka 35 tu.