Maswali Yenu: Msitu na Vichaka Kuzunguka Mgodi wa Zamani Mlimani

SWALI: Tunachora ramani ya uoto kuzunguka mgodi uliofungwa mlimani. Pana miti mifupi yenye mashina mengi. Tuiandike msitu au vichaka?

JIBU: Msibishane kwa macho, pimeni. Kwa kipimo cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5 au yenye uwezo wa kufikia urefu huo hapo hapo ilipo, na matawi yake yafunike zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Kwenye huo “uwezo” ndipo migodi inapowachanganya watu. Miti ya jirani ilikatwa kwa ajili ya matimba (magogo ya kuegemeza kuta na paa) ya handaki, kuni na mkaa, kisha visiki vikachipua. Mashina kumi mnayoyaona huenda ni mti mmoja. Inameni mtazame chini: mkikuta kisiki kipana kilichooza katikati na mashina yamekizunguka, huo ni mti wa msitu uliokatwa. Kichaka cha kweli hugawanyika tangu ardhini, kisiki hamna.

Kupima matawi, nyosheni tepu ya mita 50 na mwandike kila kipande kilichofunikwa. Jumla ikiwa mita 14, hiyo ni asilimia 28. Matawi yakipandana, hesabuni mara moja tu, na miti iwe na safu yake, vichaka na yake. Mkiweka kiwanja cha mita 20 kwa 20 kwenye mteremko wa nyuzi 30, upande unaopanda vuteni tepu hadi mita 23.1, ili kwa usawa wa ramani uwe mita 20. Mkisahau hilo, kiwanja kitapungua na idadi ya miti kwa hekta itatoka ndogo kuliko ilivyo.

SWALI: Lundo la magwangala, yaani mawe taka ya mgodi, limebaki wazi miaka yote, ila miguuni pake vichaka vimesitawi. Si mawe yale yale?

JIBU: Asili ni moja, hali ni mbili. Mawe yanapomwagwa, makubwa huacha nafasi ambamo mvua hupita bila kusimama. Juu hakuna mboji wala nitrojeni, na mawe meusi huchemka kwa jua kiasi cha kuunguza mche shingoni. Vumbi laini na maji hushukia chini, na mbegu nazo hufuata huko.

Lakini mwenye kosa hasa mara nyingi ni pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki. Mkiona kijito kina tope la rangi ya chungwa, mmeshapata jibu nusu. Nusu nyingine ichimbeni: chukueni udongo wa sentimita 30 chini, gramu 20 katika mililita 50 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, koroga, subiri nusu saa, pima pH, yaani kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi. Ikiwa chini ya 4, alumini huyeyuka na kuumiza mizizi. Ing'oeni mmea mwone ncha fupi, nene, za kahawia. Mahali pa namna hiyo kangaga na vichaka vya jamii ya erika huvumilia kuliko miti mingi.

Chokaa husaidia, ila kwa hesabu. Kila asilimia 1 ya salfa iliyomo kwenye pairaiti hudai kilo 31.25 za kalsiamu kaboneti kwa tani ya mawe. Salfa ikiwa asilimia 2, ni kilo 62.5. Kuinyunyiza juu juu ni kujidanganya: miche hushika vizuri, kisha hukauka mizizi inapogusa tabaka la asidi.

Wala msiutwike mgodi kila kitu. Kusini mwa ikweta, mteremko unaotazama kaskazini hupata jua zaidi na hukauka. Kaskazini mwa ikweta ni kinyume chake. Linganisheni lundo na mteremko usiochimbwa unaotazama upande ule ule.

SWALI: Ni kweli kuna mimea inayoonyesha madini?

JIBU: Ipo. Huko Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), Haumaniastrum katangense huitwa ua la shaba, na huota kwa wingi palipoyeyushwa shaba zamani. Mpakani mwa Ubelgiji na Ujerumani kuna Viola calaminaria ya manjano kwenye ardhi yenye zinki. Lakini mmea hukuonyesha sumu iliyo juu ya ardhi, ambayo yaweza kuwa marudio (vumbi la mawe yaliyosagwa na kutolewa madini) yaliyopeperushwa na upepo. Si lazima pawe na mwamba wa madini chini. Mifugo isilishwe hapo.

SWALI: Tufyeke vichaka tupande miti?

JIBU: Hapana. Pandeni mche upande wenye kivuli cha kichaka, ukingwe na jua na upepo. Mvinje hufaa penye joto kwa kuwa mizizi yake hujitengenezea nitrojeni. Na kichaka kilichojaza bonde dogo la mviringo msikikanyage kabisa: huenda kimefunika mdomo wa shimo ambalo matimba yake yameoza.